Marisau, Mbwa au Mlinzi: Hesabu ya Mwenye Shamba Tanga

Ngamiani, mjini Tanga, imejaa watu wenye makazi mawili. Mwalimu mstaafu wa Barabara ya Kumi na Mbili ana minazi Kigombe. Muuza vipuri vya baiskeli ana michungwa Muheza. Mama mwenye duka la kanga kaweka ng'ombe wachache upande wa Mkinga. Msimu wa mauzo ukifika na fedha zikianza kuingia, huulizana swali lilelile: ninunue bunduki niiweke shamba? Inayotajwa karibu kila mara ni bunduki ya marisau ya pampu, ile inayokokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele nyuma kisha kukirudisha, kwa kuwa ndiyo wanayoiona kila siku mikononi mwa walinzi wa benki.

Hofu iliyo nyuma ya swali hilo haikuzuka hewani. Februari 2015 polisi na wanajeshi walipambana na kundi lenye silaha katika mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia Mei 31, watu wanane waliuawa kwa kuchinjwa Kibatini, hapahapa Tanga. Aliyekuwa na nyumba ya peke yake shambani wakati ule anajua kwa nini watu walianza kuulizia silaha. Hata hivyo, nikipiga hesabu, naona kwa wengi wao bunduki inapaswa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa, na kwa wale wachache wanaoihitaji kweli, pampu mara nyingi si chaguo lao bora.

Gharama ya kwanza haiandikwi kwenye stakabadhi. Sheria inayohusika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Hakuna kununua kwanza na kuomba baadaye. Ombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, kwa watu wanaokufahamu na wanaojua kama wewe ni mgomvi, mlevi au mtu wa kuaminiwa. Likivuka hapo hupanda kata, wilaya, mkoa, hadi makao makuu ya polisi. Alama za vidole zitachukuliwa. Utatakiwa kueleza sababu, kuonyesha kwamba umefundishwa kuitumia silaha na kwamba unayo sehemu salama ya kuihifadhi. Kila ngazi ina safari zake, nakala zake, picha zake na siku ya kazi iliyopotea. Anayekuambia anaweza kukupatia leseni kwa njia ya mkato anakuuzia kesi, na si ndogo: kukutwa na silaha bila kibali hushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi.

Tuseme umepita ngazi zote. Leseni hiyo ni ya mtu, haikutolewa kwa shamba. Hapa ndipo hesabu ya mtu wa Ngamiani inapoharibika, maana siku tano za wiki yuko dukani mjini, na anayelala shambani ni kijana mtunza shamba, ambaye hana leseni na hana ruhusa ya kuishika bunduki ile hata mwizi akiwa mlangoni. Bunduki iliyoachwa shamba kwenye nyumba isiyo na mwenyewe hailindi chochote, bali yenyewe ndiyo inayohitaji kulindwa. Na ukiibeba kila Ijumaa kwenye daladala ya Muheza na kuirudisha Jumapili, unatangazia barabara nzima ulicho nacho. Wanaotafuta bunduki wapo. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu wakauawa na silaha zikachukuliwa. Ikiwa kituo chenye askari kilifuatwa kwa ajili ya bunduki, nyumba yako ya tofali za kuchoma katikati ya michungwa itafuatwa kwa urahisi zaidi, pindi habari ikienea kijiweni kuwa mzee kanunua.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe la aina ya bunduki. Jiulize usiku wa Jumanne nani yuko pale. Kama si wewe, usiendelee kuulizia bei, ruka ukasome habari za milango na mbwa huko chini. Kama ni wewe, unaishi shamba mwaka mzima, jirani wa karibu hasikii ukipiga kelele, na una mali ambayo haiwezi kuhamishiwa benki, basi tuzungumze bei.

Pampu ya bei ya chini inayojulikana duniani ni Maverick 88, inayotengenezwa na kampuni ya Mossberg. Marekani huuzwa kati ya dola 200 na 300 hivi. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, hiyo ni kati ya 500,000 na 750,000. Usiingie duka la silaha na bei hiyo kichwani. Juu yake kuna usafirishaji wenye masharti yake, kibali cha kuingiza, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na faida ya muuzaji mwenye leseni, ambaye hana washindani wengi. Kisha ongeza sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani, ada za leseni na za kuihuisha, mafunzo, risasi za kujifunzia na mafuta ya kusafishia. Wanunuzi wengi huhesabu bunduki na kisanduku kimoja cha risasi, wakaishia hapo. Bunduki ambayo mwenyewe hajaifyatua hata mara moja baada ya mafunzo ni fedha iliyolala, na usiku wa tukio mikono yake itatetemeka kama ya mtu ambaye hajawahi kuishika.

Linganisha na mlinzi. Agizo la kima cha chini cha mshahara lililoanza Januari 2023 liliweka shilingi 148,000 kwa mwezi kwa mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi, na viwango vimepandishwa tena Januari 2026. Tukibaki na kile cha 2023, mwaka mzima ni shilingi 1,776,000, kabla ya mchango wa hifadhi ya jamii na nyongeza ya kazi ya usiku ambayo kisheria haipungui asilimia 5. Kwa miaka kumi inakaribia milioni 18. Ukiitazama peke yake, bunduki inaonekana rahisi mno. Lakini mashamba ya Muheza na Pangani mengi yamepakana, na wenye mashamba wanne wakichangia mlinzi mmoja, kwa kiwango hicho cha 2023 kila mmoja angetoa 37,000 kwa mwezi. Mlinzi huyo yupo Jumanne, anatembea, anajua nani kapita na pikipiki saa nane usiku, na akiona jambo anapiga simu 112 au kwa mwenyekiti wa kijiji. Tatizo linalojulikana ni kwamba wengi wetu tunamlipa mlinzi theluthi ya kiwango, tunamnyima koti la mvua na tochi, halafu tunashangaa akisinzia au akishirikiana na wezi. Mlinzi wa bei ya chini ndiye ghali kuliko wote.

Ulinzi wa zamu ni wa bei ndogo zaidi. Sungusungu walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitambuliwa kisheria 1989, na siku hizi ulinzi shirikishi upo vijiji vingi vya Tanga, japo kwingine umebaki daftari tu. Mtu wa Ngamiani asiyelala kijijini hawezi kukesha zamu yake, ila anaweza kuichangia: betri za tochi, filimbi, sukari na majani ya chai ya wanaokesha. Wasipokuona kwenye mchango wao, usitarajie waamke wakisikia mbwa wako.

Mbwa nao wana hesabu yao. Nyumba nyingi za huku haziwafugi kwa sababu za dini, lakini mbwa wa kulinda shamba na mifugo ana ruhusa yake, mradi akae nje na banda lake liwe mbali na mahali pa kuswalia. Gharama yake ni chakula na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na chanjo hiyo usiiruke, maana mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wa mtunza shamba kuliko mwizi wa mbuzi. Asiyetaka mbwa afuge kanga. Hawana adabu ya usiku hata kidogo. Kitu kikisogea watapiga kelele mpaka umtukane aliyekushauri, na asubuhi wanataga.

Ukuta wa bei ndogo kuliko yote Tanga umeota wenyewe pande zote za barabara. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani hii mwaka 1893, ukipandwa safu mbili kwa nafasi finyu haupitiki na mtu mwenye mfuko wa nazi kichwani. Gharama ni ya kibarua na ya kungoja ukue. Uache chini ya kiwango cha kifua karibu na nyumba, kwa sababu ua mrefu mnene humficha anayekuvizia, na kosa hilo naliona kwenye nyumba nyingi zenye michongoma mizuri.

Mlango ndipo fedha inapopaswa kwenda kwanza, na Ngamiani ndipo pa kuitumia, kwani mafundi wa kuchomelea wamejaa. Nyumba nyingi za shamba zina mlango wa mbao laini uliofungwa kwa komeo moja na bawaba za skrubu fupi. Mateke mawili yanatosha. Mwambie fundi fremu iingie ukutani kwa nondo na saruji, bawaba zichomelewe badala ya skrubu, makomeo yawe mawili, juu na chini, yanayofungwa kwa ndani, na dirisha la chumba cha kulala liwe na nondo zenye kilango cha kutokea moto ukizuka. Sehemu hii ya kilango wengi huiacha ili kuokoa gharama kidogo, nami nisingeiacha. Kisha taa za sola mbili zinazowaka mtu akipita, moja upande wa choo na nyingine upande wa zizi, zikiwekwa juu kiasi kwamba hazifikiwi bila ngazi. Nunua zile zenye betri inayobadilishwa, kwa kuwa hewa ya chumvi na joto la pwani huimaliza betri mapema, na taa iliyofungwa moja kwa moja hutupwa nzima.

Halafu kuna njia isiyouzwa dukani. Wezi wa msimu wa machungwa hawaji kwa ajili ya machungwa. Wanafuata zile noti ambazo mnunuzi wa Mombasa au Nairobi kazihesabu juu ya lori mbele ya vibarua ishirini. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008. Makubaliano kwamba malipo yote yapite kwenye simu au benki, yakasemwa kwa sauti mbele ya vibarua haohao ili habari ifike inakotakiwa, yanapunguza sababu ya kukuvamia kuliko mtutu wowote. Yana makato yake, na wapo wanaolazimishwa kutaja namba ya siri, ndiyo maana busara ni kuiweka akiba kwenye akaunti isiyo kwenye simu uliyolala nayo. Lakini makato ya kutuma milioni mbili hayafiki hata kwa mbali bei ya sefu.

Wapo ambao baada ya yote haya bado watahitaji bunduki. Mfugaji wa Handeni anayelala na mifugo, mwenye shamba la peke yake bondeni asikokuwa na mtandao wa simu. Kwao haya ndiyo ya kupima.

Pampu inasifiwa kwa uthabiti wake, na sifa hiyo imeistahili. Remington 870 ilitoka mwaka 1950 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 10. Mossberg 500 ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zote mbili hula risasi za kila aina bila kuchagua, kwa sababu anayezilisha ni mkono wako badala ya gesi au msukumo wa risasi yenyewe. Mkono huo ndio udhaifu wake pia. Asiyezoea, akiwa na hofu, huvuta nusu, ganda lisitoke au risasi mpya isipande, na bunduki ikabaki bure mkononi. Dawa ni mazoezi, na mazoezi ni risasi, na risasi ni fedha. Ndiyo sababu kwa mzee wa miaka 65 atakayeifyatua mara chache sana maishani, ningependelea ya mitutu miwili, ile inayokunjwa katikati. Haina cha kuvuta nusu. Risasi ikigoma mtutu mmoja, wa pili upo. Na jambo kubwa kuliko yote kwa nyumba yenye wajukuu: ukiikunja unaona kwa macho kama ina risasi au haina, wakati pampu huficha risasi kwenye bomba chini ya mtutu, na wengi wamejeruhiwa na silaha waliyoamini ni tupu. Unapoteza idadi, kwani mbili si tano. Kwa shamba la Tanga sioni hasara hapo.

Ukiamua pampu, shika kwanza. Mossberg 500 ina kizuizi cha usalama juu, mahali kidole gumba kinapofika, hivyo inamfaa wa mkono wa kulia na wa kushoto. Cha Remington ni kitufe nyuma ya kifyatulio, kilichowekwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Mwili wa Mossberg ni wa aluminiamu, haushiki kutu. Wa Remington ni chuma, na lililokuwa toleo lao la bei ya chini, 870 Express, linajulikana kwa kushika kutu haraka. Kwa Kigombe au Pangani, ambako upepo wa bahari unakula mabati, hilo si jambo dogo. Baikal za Kirusi zina mitutu iliyopakwa kromu kwa ndani, sifa nzuri pwani, ila kabla ya kuzipenda muulize muuzaji vipuri atavitoa wapi. Bunduki za Kituruki zimejaa sokoni kwa bei za kuvutia na ubora wake hutofautiana mno baina ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo omba kuikoki mara nyingi dukani, ikiwa tupu, polepole kisha kwa nguvu, na kataa inayokwama hata mara moja. Kwa kipimo cha mtutu, chukua namba 12. Namba 20 husukuma bega kwa upole zaidi, lakini namba 12 ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko nyingine. Urefu wa kitako pia upimwe: mama wa kimo cha wastani akishika bunduki iliyotengenezewa mwanamume wa Kimarekani hawezi kuikoki vizuri, na fundi anaweza kukata kitako cha mbao sentimita chache. Kukata mtutu ni kosa la jinai, asikudanganye mtu.

Kuna wanaosema sauti ya kukoki peke yake humfukuza mwizi. Wameiona kwenye filamu. Mvua ikipiga bati hakuna asikiaye, na akisikia amejua ulipo. Taa ikiwashwa ghafla na jina la jirani likaitwa kwa nguvu hufanya kazi hiyohiyo bila leseni.

Ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa kwa nyumba za Marekani, na nyumba zetu si zile. Risasi moja ya namba 12 ya marisau makubwa kwa kawaida ina chembe 9, kila moja karibu milimita 8.4. Ukuta wa udongo na fito hauzuii kitu hicho, na nyumba nyingi za pwani kuta za ndani haziendi hadi paani. Aliyelala chumba cha pili yuko kwenye njia ya kila chembe iliyokosa. Kaa na familia, chora nyumba kwenye karatasi, amua wote watakimbilia chumba kipi na upande upi hautafyatuliwa kamwe. Kama hakuna upande wa namna hiyo, nyumba hiyo haifai kuwa na bunduki.

Na kisheria, Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda na kulinda mali kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Kijana anayekimbia na mbuzi akiwa amekupa mgongo si hatari tena kwa maisha yako. Ukimpiga risasi, wakili atakugharimu shamba lote. Vivyo hivyo kwa wanyama: leseni ya kujilinda haikugeuzi mwindaji, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ina vibali vyake, na tembo wanaotoka Mkomazi au Saadani waachie wahusika. Kwa tembo nyuzi zilizotundikwa mizinga ya nyuki zimefanya kazi sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na Tanga inawajua nyuki: Novemba 1914, katika vita vya Waingereza na Wajerumani hapahapa mjini, makundi ya nyuki yaliwakimbiza askari wa pande zote mbili.

La mwisho ni mirathi, ambayo hakuna muuzaji atakayeitaja. Mzee akifariki, minazi itagawiwa kwa mafungu yake mbele ya kadhi au baraza la ukoo, lakini bunduki haigawiwi wala haihamii kwa mtoto mkubwa kwa sababu tu alikuwa akiisafisha. Familia inapaswa kuikabidhi polisi, na mrithi anayeitaka aanze ombi lake mwenyewe, kutoka mtaani kwenda juu. Hali ni hiyohiyo kwa gobore la babu lililofichwa darini tangu enzi za kuwinda ngiri. Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa nafasi ya kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, na aliyeikosa nafasi hiyo aende kwanza kwa wakili akaulize namna ya kuikabidhi, kabla hajaibeba kwenda nayo popote.